Jengo la shule ya zamani kwenu Kanda ya Ziwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanatoka kwa watu wa Mwanza, Magu, Ukerewe, Sengerema, Bunda, Musoma mpaka Muleba na Bukoba, watu ambao shule yao ya msingi ina lile jengo moja la kale, kuta nene, bati limeshika kutu, madirisha madogo, na ukiuliza lilijengwa lini kila mtu ana jibu lake. Majibu mengine ni marefu, yasome kwa nafasi, na kama swali lako ni moja tu basi shuka moja kwa moja mpaka pale lilipo.

Wazee wanasema jengo letu alijenga Mjerumani. Ni kweli?

Mara nyingi sana hapana, na nimelianza hili kwa sababu linaniuma. Huku kwetu kila ukuta mnene ni wa Mjerumani, kila daraja la mawe ni la Mjerumani, hata kisima. Hebu tupige hesabu pamoja. Mjerumani alikaa huku ziwani kuanzia miaka ya 1890 mwanzoni mpaka Julai 1916 Waingereza walipoichukua Mwanza, yaani kama miaka 25 hivi, na sehemu kubwa ya muda huo alikuwa anapigana na watu na kukusanya kodi. Shule za serikali yake zilikuwa chache, zilikaa kwenye vituo vyake vikubwa kama Mwanza na Bukoba, lengo lilikuwa kupata makarani, wakalimani na watu wa kufanya kazi chini ya maakida, yaani watawala wadogo aliowaweka yeye, basi. Shule zingine zilikuwa za wamisionari, na za vijijini nyingi zilikuwa vibanda vya miti, udongo na nyasi ambavyo mvua na mchwa walishamaliza zamani sana.

Kwahiyo kama jengo lenu ni la tofali au mawe, lina bati na lipo kijijini, uwezekano mkubwa ni la kati ya miaka ya 1920 mwishoni na 1960, wakati wa Mwingereza. Na hata hapo Mwingereza mwenyewe hakushika mwiko. Waliochimba udongo, waliofyatua na kuchoma tofali, kina mama waliobeba maji kutoka ziwani, watoto waliopanga foleni na mawe kichwani, ni babu na bibi zenu, na pesa ya bati na misumari ilitoka kwenye kodi yao, pamba yao na sadaka zao. Sasa mtu akisema "alijenga Mjerumani" anawafuta wote hao kwa sentensi moja. Mimi sikubali kabisa hilo na ndiyo maana nawaomba watu wachunguze kwanza kabla ya kuandika kibao.

Tahadhari tu: zipo sehemu ambazo jengo la enzi za Mjerumani linawezekana, hasa kwenye misheni kongwe. Bukumbi, kule Misungwi, Mapadri Weupe, lile shirika la wamisionari Wakatoliki, walifika 1883, Mjerumani hajatia mguu huku. Nassa, Waanglikana wa CMS walianza 1888, halafu 1909 wakawaachia watu wa Africa Inland Mission. Kashozi kule Bukoba ni 1892, na Nyegina jirani na Musoma ni 1911. Kama shule yenu iko ubavuni mwa parokia ya umri huo, chunguza vizuri zaidi.

Nitajuaje umri wa jengo kama hakuna karatasi yoyote?

Anza chini upande juu, na uende na fundi mwashi mzee, siyo fundi kijana wa bloku, maana mzee akigusa tu ukuta anakwambia mambo.

Msingi kwanza. Huku Mwanza mawe ya granaiti yapo kila mahali kwahiyo msingi wa mawe peke yake haukwambii umri, ila angalia yameshikizwa na nini, udongo, chokaa au saruji. Ukuta ulioshikizwa kwa udongo mtupu na kupakwa chokaa juu kwa kawaida ni mzee kuliko ulioshikizwa kwa saruji, japo vijijini watu waliendelea kutumia udongo miaka mingi sana kwa sababu saruji ilikuwa ghali. Kumbuka kiwanda cha Wazo Hill kilianza kutoa saruji 1966, kabla ya hapo yote ilitoka nje, na kwa watu wa ziwani ya jirani zaidi ilikuwa ya Tororo Uganda, nayo ni ya kuanzia miaka ya 1950. Ukiona jengo lina saruji kila mahali, sakafu, plasta, lenta, vizingiti, na vyote vinaonekana ni vya tangu mwanzo, basi usikimbilie mwaka 1910.

Tofali nazo. Tofali mbichi za udongo, tofali za kuchoma, halafu bloku za saruji, huo ndiyo mfuatano wa kawaida. Tofali za kuchoma za zamani hazilingani, kila kijiji kilikuwa na fomu yake, pima kumi uone. Na uzunguke nje ya kiwanja, mara nyingi utakuta shimo kubwa limeota magugu au limekuwa bwawa la vyura, hapo ndipo udongo ulipochimbwa, na pembeni kidogo kuna udongo mwekundu uliokaukiana palipokuwa na tanuru. Watu wengi wamesoma pale miaka saba hawajui lile shimo ni la nini.

Lenta: majengo ya zamani mengi hayana nondo kabisa, juu ya mlango kuna mbao nzito au tao la tofali. Ukiona tao zuri limepangwa vizuri, uliza kama kulikuwa na bruda wa misheni, maana mabruda wa Mapadri Weupe walikuwa mafundi haswa na walifundisha vijana useremala na uashi.

Halafu panda juu kwenye kenchi, kwa uangalifu, popo na nyigu wamejaa. Angalia kama ni miti mizima au mbao zilizopasuliwa kwa msumeno wa mkono (utaona mistari ya msumeno haijanyooka), na mbao ya aina gani, mvule au mninga unadumu hata miaka mia. Angalia bati upande wa ndani, mara nyingi kuna muhuri wa kiwanda haujafutika kwa sababu haukupigwa jua. ALAF wa Dar es Salaam ni wa 1960, kwahiyo muhuri wao unakupa mwaka ambao bati hilo haliwezi kuutangulia. Lakini sikia, bati hubadilishwa! Ukuta unaweza kuwa wa 1935 na bati la 1978. Usitoe umri wa jengo zima kwa bati.

Na ule mwaka uliochongwa ukutani usiuamini peke yake. Wakati mwingine ni mwaka wa ukarabati, au wa darasa la pili lililoongezwa, au mtu alichora tu mwaka aliomaliza.

Bati na misumari vilifikaje huku kabla ya barabara?

Kwa maji. Reli ya Uganda ilifika Kisumu 1901, na meli za mvuke za Waingereza zikawa zinazunguka ziwa lote, Bukoba, Mwanza, Musoma, kwahiyo bati lilikuwa linashuka Mombasa, linapanda treni mpaka Kisumu, linapanda meli, halafu linashushwa kwenye mitumbwi au majahazi na kubebwa kichwani mpaka kijijini. Reli yetu ya kutoka Tabora ilifika Mwanza 1928 ndiyo mambo yakaanza kuwa rahisi upande wa kusini. Ndiyo sababu vijiji vya karibu na gati vilipata bati mapema na vya ndani vikaendelea na nyasi miaka mingi, haikuwa uvivu wa watu wa ndani.

Juu ya mlango kumechongwa "N.A." Ni nini hiyo?

Hongera sana, hiyo ni dhahabu. Ni Native Authority, serikali za wenyeji ambazo Mwingereza aliziweka kisheria 1926 wakati wa Gavana Donald Cameron. Kila uchifu au muungano wa machifu ulikuwa na hazina yake, kodi inakusanywa, sehemu inabaki pale, na kutoka humo ndipo shule zilijengwa na walimu wakalipwa. Kwahiyo shule ya N.A. ni shule iliyojengwa kwa kodi ya watu wa pale pale. Ukiikuta hiyo alama piga picha leo leo, kuna sehemu imeshapigwa plasta juu yake kwa sababu tu mtu aliona ni uchafu.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni Mwisenge, Musoma mjini. Pale ndipo Kambarage, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, aliandikishwa 1934 akiwa na miaka 12, ametoka Butiama, umbali wa kilomita 40 hivi, akalala bwenini. Masomo ya miaka minne akayamaliza kwa mitatu, akafaulu vizuri kweli, 1937 akaenda Tabora. Mmoja wa walimu wake pale alikuwa mzee James Irenge, ambaye miaka mingi baadaye watu walikuwa wanamfuata kumuuliza yule mtoto alikuwaje. Shule ipo, watoto bado wanasoma, na darasa alilosoma Mwalimu limetunzwa, wageni huwa wanapelekwa kuliona. Ukiwa Musoma usipitilize. Ukiingia pale utaelewa jengo la N.A. lilivyokuwa la kawaida kabisa, chumba cha kawaida cha mji mdogo kando ya ziwa, na ndiyo maana nasema chumba kama hicho kwenu nacho kina watu wake hata kama hakuna aliyekuwa rais.

Shule yetu sasa ni ya serikali lakini wazee wanaiita "ya misheni". Nani sahihi?

Wote. Mpaka 1969 sehemu kubwa ya shule ziwani ziliendeshwa na makanisa, Wakatoliki, AIC (kanisa lililotokana na Africa Inland Mission), Walutheri kule Bukoba, Wasabato upande wa Majita, Wamennonite ambao walianza Shirati 1934. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Mwingereza ilianza kuwapa ruzuku wale waliotimiza masharti yake ya walimu na majengo, ndiyo unaona misheni nyingi zilihamisha watoto kutoka kwenye kibanda cha katekista kwenda kwenye darasa la tofali. Halafu Sheria ya Elimu ya 1969 ikazichukua shule zote zilizokuwa zinapewa ruzuku, zikawa za umma. Nyingi zikabadilishwa na jina, zikaacha majina ya watakatifu zikachukua ya kijiji au ya mlima.

Hii ina matokeo mpaka leo. Jengo ni la serikali lakini kiwanja kinaweza kuwa ndani ya eneo la parokia, mipaka haieleweki vizuri, na ndiyo maana kabla hamjaanza kuchimba historia nendeni mkaongee na paroko au mchungaji kwa adabu, msiende kama watu wa kudai ardhi. Mkienda vizuri mtafunguliwa kabati lenye madaftari ambayo hamkuwahi kuyaota.

Wazee wetu wanasema ilikuwa "mido skuli". Hiyo inasaidia?

Inasaidia sana. Mfumo wa miaka ya 1950 ulikuwa darasa la kwanza mpaka la nne primari, halafu la tano mpaka la nane mido, na mido zilikuwa chache, mtoto anatembea siku nzima au anakaa bweni. Kwahiyo tafuta mabaki ya bweni, jiko, stoo ya chakula, nyumba ya mwalimu mkuu iliyojitenga, na shamba kubwa kuliko shule ya kawaida, maana kilimo kilikuwa sehemu ya masomo. Darasa la nane liliondolewa miaka ya 1960 tukabaki na la saba. Mtu akikwambia "nilimaliza la nane hapa" ameshakupa kipindi.

Hapo hapo uliza habari za pamba. Miaka ya 1950 ndiyo vyama vya ushirika vya pamba vilikuwa na nguvu Usukumani, kina Paul Bomani, na shirikisho lao la Victoria likaundwa 1955. Mzee akikwambia pamba ya chama ndiyo ilinunua bati, uliza chama gani cha msingi na ghala lilikuwa wapi, maana wakati mwingine ghala bado lipo.

Mbona jengo la zamani liko peke yake huko, mbali na kijiji na mbali na ziwa?

Kuna sababu zaidi ya moja na inabidi ujue ipi ni yenu.

Mwanzoni mwa karne iliyopita ugonjwa wa malale ulitikisa pwani za ziwa, kuna sehemu watu walihamishwa wakaacha mwambao, na mbung'o walibaki maeneo mengi kwa muda mrefu, wamisionari nao walipenda kujenga juu ambako upepo unapita na mbu ni wachache. Halafu kuna maji yenyewe: kati ya 1961 na 1964 mvua zilikuwa kubwa mno, ziwa likapanda kama mita mbili na nusu, nyumba na mashamba ya mwambaoni yakaingia majini. 2020 mmeona wenyewe maji yalivyorudi. Shule zilizokuwa chini zilihama, za juu zikabaki.

Na sababu kubwa kuliko zote kwa vijiji vingi ni Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Watu walihamishwa wakapangwa kwa mistari, kijiji kikahama, shule ikabaki na mikaratusi yake na miembe yake. Ukiona mstari wa miti mikubwa iliyonyooka katikati ya mashamba ya mihogo, nenda kachungulie, kuna msingi wa jengo hapo.

Kwanini madarasa ya pembeni yanaonekana ya hovyo kuliko la zamani?

Kwa sababu yalijengwa mbio. Novemba 1974 TANU walikaa Musoma, wakatoa Azimio la Musoma, kwamba kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo Novemba 1977, wakati mpango wa awali ulikuwa unafikiria mwishoni mwa miaka ya 1980. Fikiria kazi hiyo! Kila kijiji kikajenga kwa nguvukazi, tofali mbichi, miti, nyasi, chochote kilichopo, na vijana waliomaliza la saba wakawa walimu. Watu wanaibeza UPE, yaani huo mpango wa elimu ya msingi kwa wote, lakini mimi naiheshimu sana, mama yangu na shangazi zangu wasingeshika kalamu bila yale madarasa ya udongo. Baadaye tena 2002 ikaja MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, baada ya ada kufutwa, na 2021 zile fedha za UVIKO zilizojenga madarasa 15,000 nchi nzima. Kwahiyo kiwanja kimoja cha shule kinaweza kuwa na majengo ya awamu nne au tano, na kazi yako ni kuyapanga kwa mfuatano.

Pale mjini kuna shule nzuri ya ghorofa ya zamani, nayo ilikuwa ya nani?

Miji kama Mwanza, Musoma na Bukoba ilikuwa na shule za Wahindi, zimejengwa na jumuiya zao wenyewe, kwa sababu elimu ilitengwa kwa rangi mpaka mfumo mmoja ulipoanza Januari 1962. Maandishi ya Kigujarati yakiwepo ukutani msiyafute, tafuteni mzee wa jumuiya hiyo awasomee.

Nyaraka zipo wapi?

Anzeni shuleni kwenyewe. Ofisi ya mwalimu mkuu huwa na logibuku, lile daftari ambalo mwalimu mkuu alikuwa anaandika matukio, mkaguzi amekuja, upepo umeezua paa, mwalimu fulani amehamishwa. Kuna na rejesta ya kuandikisha wanafunzi, yenye jina la mtoto, la baba, kijiji na mwaka. Vikiwepo vya miaka ya nyuma ni bahati kubwa, maana vingi vililiwa na mchwa au vilitumika kuwashia moto. Msiviondoe pale hata kwa nia njema, pigeni picha ukurasa kwa ukurasa kwa simu, mchana, karibu na dirisha, daftari limelala mezani.

Halafu kanisani. Mapadri Weupe walikuwa na utaratibu wa kuandika daftari la kila siku la misheni, mengi ni ya Kifaransa, na nakala nyingine ziko makao yao Roma. Za CMS, zile za Nassa ya mwanzo, ziko Chuo Kikuu cha Birmingham Uingereza, unaweza kuandika barua pepe ukauliza na unajibiwa.

Nyaraka za serikali ziko Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Kuna mafaili ya Mjerumani, mwandiko wake mgumu hata kwa Mjerumani wa leo, na kuna mafaili ya Mwingereza ya Jimbo la Ziwa, makao yake yalikuwa Mwanza, pamoja na vile vitabu vya wilaya ambamo mabwana shauri walikuwa wanaandika habari za machifu, masoko na shule. Nendeni na barua ya utambulisho na jina la uchifu wa zamani, siyo la kata ya sasa, maana kata yako haikuwepo 1938 na mhudumu hatakusaidia kuitafuta.

Kwa picha, Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt imeweka kwenye intaneti mkusanyo mkubwa wa picha za makoloni ya Mjerumani, Mwanza na Bukoba zimo. Na lile gazeti la Mambo Leo lililoanza 1923 likitolewa na Idara ya Elimu, walimu wa vijijini walikuwa wanaliandikia barua na habari za shule zao. Nalipenda sana kwa sababu humo unasikia sauti ya mwalimu mwenyewe, siyo ya bwana shauri.

Tukiwahoji wazee tuulizeje?

Msiende na swali la "lilijengwa mwaka gani", mzee atakupa mwaka wowote akuridhishe uondoke. Nenda asubuhi, salimia vizuri, mwangaluka kama ni Usukumani, kaa, kunywa uji ukipewa. Muulize babu wakati wa njaa ile au mafuriko yale paa lilikuwepo? Ulipoingia darasa la kwanza sakafu ilikuwa ya udongo au saruji? Ziwa lilipopanda ulikuwa darasa la ngapi? Kengele ilikuwa nini, kipande cha reli au rimu ya gari? Nani alikuwa chifu? Ukijua mtu alizaliwa lini na alikaa darasa gani, mwaka unaupata mwenyewe.

Na tafadhali waulizeni kina bibi. Kila siku tunakimbilia kwa mzee mwenye kofia wakati waliobeba maji ya kufyatulia tofali walikuwa wanawake, na wengi hawakupata hata kukaa kwenye darasa walilolijenga. Bibi atakwambia walibeba kutoka kisima gani, walikuwa wangapi kwa zamu, walikula nini. Hayo hayamo kwenye faili lolote Dar es Salaam.

Rekodi kwa simu ukishaomba ruhusa. Majina ya watu walio hai msiyatangaze bila kuwauliza.

Sheria inalilinda jengo letu?

Kwa kawaida hapana, na watu wengi wanashtuka wakisikia. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na huku kwetu hakuna shule ya umri huo. Jengo la baadaye linalindwa pale tu waziri mwenye dhamana anapolitangaza rasmi kwenye Gazeti la Serikali. Kwahiyo kama mnaona lenu linastahili, andikeni kupitia halmashauri kwenda Idara ya Mambo ya Kale iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, mkiambatanisha historia na picha. Barua isiyo na historia haifiki mbali, ndiyo maana kazi ya kukusanya inatangulia.

Kamati ya shule imeshaamua kubomoa. Tufanye nini?

Kwanza msigombane nao, wana hoja. Jengo la tofali zilizoshikizwa kwa udongo bila lenta ya nondo ni hatari likichoka, na watoto wanakaa humo. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9 tu lakini majengo ya Ihungo na Nyakato, shule kongwe zenye heshima zake, yalipasuka vibaya mpaka zikafungwa kwa muda. Hakuna historia inayozidi uhai wa mtoto.

Ila muulize hivi: je, kuna mhandisi wa halmashauri aliyelikagua, au ni kwa sababu linaonekana la kizamani? Maana wakati mwingine tatizo ni paa tu, ukibadilisha kenchi na bati na kuweka mtaro wa kuondoa maji kwenye msingi, kuta zinadumu. Linaweza kuacha kuwa darasa likawa stoo, maktaba ndogo au ofisi. Na mkikarabati, msipige plasta ya saruji juu ya tofali mbichi, unyevu unabaki ndani ya ukuta, tofali linalainika na baada ya misimu michache plasta inabanduka na udongo wake. Tumieni udongo au chokaa kama walivyotumia wenyewe. Kama juu kuna karatasi za asbestosi, zile nzito za kijivu, msizivunje kwa nyundo wala kuwapa watoto wabebe, vumbi lake linaharibu mapafu, muoneni afisa afya kwanza.

Kama ni lazima livunjwe, ombeni wiki mbili. Pimeni urefu, upana, unene wa ukuta, ukubwa wa madirisha, mchore ramani hata ya mkono. Pigeni picha kila upande, ndani, kenchi, majina yaliyochongwa kwenye tofali. Vizingiti vya mvule, mlango, kile kijiwe chenye mwaka, vihifadhiwe, vinaweza kujengewa kwenye darasa jipya. Siku ya kuvunja mtu mmoja asimame pale aangalie msingi unapofunuliwa, mara nyingi ndipo unapogundua jengo lilikuwa dogo halafu likaongezwa.

Tukishaandika tuweke wapi?

Andikeni kwa Kiswahili cha kawaida, kurasa chache zinatosha, mkitenganisha kile mlichokiona ukutani, mlichokisoma na mlichoambiwa na nani. Msichanganye. Pale wazee wawili wanapopishana andikeni vyote viwili. Halafu toeni nakala za karatasi, siyo simu tu, simu inaibiwa: moja ofisi ya mwalimu mkuu, moja kwa afisa elimu kata, moja parokiani au kanisani, moja maktaba ya mkoa (Mwanza ipo, iko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba), na moja kwa yule bibi au babu aliyewasimulia mengi kuliko wote, hata kama hasomi, wajukuu watamsomea.